Makasi ya Mzee Wabuge

Mimi si mtu wa kunyamaza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba nikikosa mtu wa kuongea naye nitaongea na sufuria, na hakusema uongo. Kwa hiyo ilikuwa adhabu kwangu kukaa mlango kwa mlango na Mzee Wabuge, mtu aliyetoa salamu kana kwamba inakatwa kwenye mshahara wake. Lakini ploti yetu ya Langas, hapa Eldoret, ina bomba moja tu la maji, na watu wakipanga foleni ya mitungi pamoja mwaka baada ya mwaka, hata bubu ataishia kukueleza habari zake. Haya ninayosimulia niliyapata hapo bombani, kidogo kidogo, na mengine niliyaona kwa macho yangu siku aliyoniomba nimsindikize.

Kazi yake ilikuwa kukata fensi. Sisemi fensi za waya, nasema zile za mimea zinazozunguka nyumba za watu wenye nafasi kule Elgon View na kando ya barabara ya Kaptagat. Hasa alikuwa fundi wa boksiwudi, ule mmea wa majani madogo magumu ambao ukikatwa vizuri unakuwa ukuta wa kijani usiopitisha hata kuku. Sisi tunauita boksi tu. Alikuja kutoka Kimilili akiwa kijana, akabeba magunia ya mahindi kwenye malori kule Turbo mpaka mgongo ukagoma, ndipo mzee mmoja wa bustani akamwonea huruma akamfundisha makasi. Vijana wa leo wanakata kwa mashine ya petroli. Yeye alisema mashine haikati, inatafuna. Makasi yake yalikuwa ya chuma kizito cha zamani, na vishikio vilipovunjika alichonga vingine mwenyewe, akavipaka mafuta ya kupikia mpaka vikang'aa.

Yule mzee wa bustani alimwachia sheria moja, kwamba boksi hukatwa na umande. Jua likishapanda, jani linakauka, makasi yanalipasua na ncha yake inageuka kahawia. Likiwa na maji linakatika laini. Ndiyo maana Wabuge alikuwa langoni kwa watu kabla mbwa hawajafungwa, suruali imelowa mpaka magotini, akitoka ua huu akiingia ule huku makasi bado yanachuruzika maji. Aliamini sheria hiyo kuliko alivyoamini mahubiri.

Sheria ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Matawi mabichi hayakutupwa. Aliyapanga kwenye gunia na kuyapeleka kwa Maximilla, mama anayesuka mashada ya mazishi karibu na mochari mjini. Kwetu mtu hazikwi bila mashada, na shada zuri linataka jani lisilonyauka mpaka hotuba ziishe, na nyinyi mnajua hotuba zetu. Boksi ndiyo haichoki. Mke wa Wabuge alipofariki, Maximilla alimsukia shada kubwa na kukataa kulipwa. Tangu siku hiyo Wabuge alimpelekea majani bila kukosa, mvua au jua. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema asante, kwa sababu njia ya mdomo ilimshinda.

Sasa nije kwa Mama Njambi, Njambi likiwa jina lake mwenyewe. Huyu ni mwalimu mstaafu, mjane, ambaye wazazi wake walihama Murang'a wakanunua shamba upande wa Kaptagat. Alikuwa na binti mmoja, Ciru. Msichana huyu akiwa bado sekondari, likizo moja aliamua kupanda boksi mistari miwili, kutoka langoni mpaka mlangoni pa nyumba. Wabuge ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kukata vipande na kuvichomeka ardhini. Ciru alikuwa mcheshi, tena alipenda kumchokoza mzee kwa sababu hajibu. Alimwambia kwamba siku ya harusi yake atapita katikati ya mistari ile, na Mzee asipoikata ikanyooka hatapewa nyama.

Ciru alisomea uuguzi, akaajiriwa, mistari ikapanda mpaka kiunoni. Kisha akaugua ugonjwa wa damu. Jeneza ndilo lililopita katikati ya boksi zake. Wabuge alizikata asubuhi hiyo ya mazishi, na watu walioenda wanasema hawajawahi kuona fensi iliyonyooka namna ile. Ciru alizikwa pembeni mwa nyumba, pale mistari inapoishia. Baadaye Wabuge alichukua vipande kutoka kwenye mistari ileile, akavipanda kulizunguka kaburi, vikashika. Sasa ilikuwa fensi moja tu, inatoka langoni na kwenda kumkumbatia Ciru.

Aliniambia kwamba siku moja, akiwa anafuta makasi, Mama Njambi alimletea chai na kukaa karibu naye.

"Mzee," akamwambia, "mume nimezika, mtoto nimezika. Mimi nimebaki na hii fensi. Usiniachie ife."

Wabuge aliitika kwa kichwa. Kwa mtu kama yeye, hicho kilikuwa kiapo.

Mwaka juzi mvua zilinyesha zikapitiliza. Mnajua baridi ya Eldoret mwezi wa saba, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka. Katika nyumba moja Elgon View, boksi zikaanza kuonyesha madoa meusi kwenye majani, halafu majani yakawa kahawia na kupukutika yote, zikabaki fito tupu. Mwenye nyumba akauliza kuna nini. Wabuge akasema ni baridi. Hakuwa anadanganya. Hapa kwetu kila kitu kikiungua majani, viazi, maharagwe, nyanya, tunasema baridi imechoma, basi, tunangoja jua. Akaikata ile fensi zaidi ili ichipue upya, akafuta makasi kwenye suruali, akaenda nyumba ya pili.

Nyumba ya pili ikaungua, na ya tatu ikafuata, halafu hoteli moja ndogo yenye bustani. Wenye nyumba wakaanza kulaumu mbolea, wengine wakalaumu majirani, mama mmoja akasema amerogwa na wifi yake. Mimi nilipomsikia Wabuge akitaja zile nyumba bombani, nilimwambia hii baridi yake ni ya ajabu, inabisha hodi lango kwa lango kama mtu wa kuuza sabuni. Hakucheka. Lakini nadhani neno hilo lilimwingia, kwa sababu Jumamosi hiyo alikata tawi akalifunga kwenye karatasi na kwenda kumwona Joash.

Joash ana kitalu cha miche kwenye barabara ya Turbo, na alisomea mambo ya mimea. Aligeuza jani akamwonyesha unga mweupe chini yake, na michirizi myeusi kwenye kitawi. Akamuuliza hizi nyumba huwa anazikata kwa mpangilio gani. Wabuge akazitaja. Joash akamuuliza zilikufa kwa mpangilio gani. Wabuge akaanza kuzitaja, akafika katikati akaona ni mpangilio uleule.

"Mzee, hii si baridi," Joash akamwambia. "Ni ukungu, na unatembea na wewe."

Akamweleza kwamba ule ukungu unanata, unapenda maji, na hakuna njia nzuri ya kuupeleka mbali kuliko chuma kilicholowa umande. Akamwambia aoshe makasi kwa jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kila akitoka nyumba moja, asikate tena majani yakiwa na maji, na kila kilichokatwa kwenye fensi yenye ugonjwa kichomwe.

Jioni hiyo alinisimulia yote. Sijawahi kumwona binadamu amezeeka hivyo kati ya asubuhi na jioni. Maisha yake yote ya kazi alijivunia ule umande, na sasa anaambiwa ndio ulioua. Mimi nilimwambia la kufanya ni moja, apite kwa wateja wake wote awaeleze. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, nani atamfungulia lango mtu anayebeba ugonjwa. Nikamwambia ukweli ni dawa. Akasema hata dawa nyingine huua mgonjwa. Tukaachana kwa hasira, hasira yangu mimi, kwa sababu yeye hana hata hiyo.

Aliosha makasi. Hilo siwezi kumnyima. Ploti nzima ilinuka jiki. Aliacha kukata na umande. Majani yaliyokauka aliyachoma kwenye pipa. Lakini kuhusu Mama Njambi aliamua jambo lake peke yake. Boksi za Ciru zilikuwa bado nzima. Hakuwa ameenda huko tangu kabla ya mvua, kwa kuwa barabara ilikuwa imeharibika. Basi akaapa kwamba makasi yake hayatakanyaga shamba lile mpaka ugonjwa upite, hata kama ni mwaka, hata kama ni miwili. Alikuwa analinda kiapo chake kwa kukaa mbali.

Na hakumwambia mwenyewe. Mama Njambi alipopiga simu, alisema mgongo unamsumbua. Alipopiga tena, alisema ana kazi nyingi. Mara ya tatu hakupokea, aliiweka simu mezani na kuiangalia ikilia mpaka ikachoka. Mimi nilikuwa mlangoni kwake na bakuli la maharagwe, nikamuuliza kama hajui kwamba yule mama atadhani ametupwa. Akasema bora adhani hivyo fensi ipone. Nikamwambia kwamba mtu anaweza kupanda fensi nyingine, lakini rafiki wa uzeeni hachomekwi ardhini akashika. Akapokea bakuli akaanza kula.

Boksi za Ciru ziliota manyoya, mistari ikapotea. Watu walimshauri Mama Njambi aite kijana mwenye mashine, akakataa. Alisema fensi hiyo ina mtu wake. Najua haya kwa sababu aliniambia mwenyewe baadaye, na aliyasema bila uchungu, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Ikafika ibada ya ukumbusho. Kila mwaka akina mama wa kanisa, majirani na wauguzi waliofanya kazi na Ciru hukusanyika pale kaburini, wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai. Wabuge hakuwahi kukosa. Mwaka huo alikosa. Alikaa kitandani amevaa koti lake la kanisani, kama mtu anayengoja kuitwa, mpaka nikamwonea huruma.

Wiki chache baadaye simu ililia na safari hii alipokea. Niliisikia sauti ya yule mama kwa sababu simu yake ni ya zile zinazopiga kelele.

"Wabuge, fensi ya Ciru inakufa. Mimi sikuulizi ulikuwa wapi. Njoo tu."

Ndipo aliponiomba nimsindikize. Nadhani alitaka mtu wa kuongea kwa niaba yake. Tulitoka bila makasi, na kabla ya kuingia lango aliosha viatu vyake kwa jiki kwenye mtaro, mimi nimesimama nashangaa. Mama Njambi alitungoja kwenye kiti cha plastiki barazani. Ni mwanamke mwembamba, ananyoosha mgongo kama bado yuko mbele ya darasa. Hakumlaumu. Alimpa mkono, akatuongoza.

Mistari kutoka langoni ilikuwa na manyoya lakini kijani. Nikaanza kuwa na matumaini, nikasema hata kwa sauti kwamba mbona si mbaya. Halafu tukafika kaburini. Boksi zilizolizunguka zilikuwa kahawia, na chini udongo haukuonekana kwa majani yaliyopukutika. Upande mmoja zilibaki fito nyeusi tupu, na kutoka hapo madoa yalikuwa yanatambaa kuelekea kwenye mistari.

Wabuge alipiga magoti. Aligeuza jani akaangalia chini yake. Alikuwa akitikisa kichwa, akisema polepole kwamba haiwezekani, kwamba hajafika hapa, makasi yake hayajafika hapa. Mama Njambi akaniangalia mimi aelewe, nami nikanyoosha kidole, kwa sababu nilikuwa nimeona alichokuwa hajakiona Wabuge.

Mashada ya ukumbusho yalikuwa bado pale. Desturi yetu ni kuyaacha kaburini mpaka yaoze yenyewe, kuyaondoa ni kama kumfukuza mtu aliyekuja kukupa pole. Yalikuwa yameegemezwa kwenye fensi, upande uleule wa zile fito nyeusi. Yalikuwa yamefungwa kwa ile riboni ya samawati ambayo Maximilla hufungia kazi zake zote. Na yalikuwa yamesukwa kwa boksi.

Wabuge alipoyaona, alivuta moja magotini pake. Alilishika tawi mojamoja, pale lilipokatwa, kwa kidole gumba. Fundi anaijua kazi yake. Majani makavu aliyachoma, ndiyo, yote. Lakini yale mabichi, yale ya kijani yaliyotoka kwenye fensi zilezile, yalikuwa na kosa gani? Hayo aliyapeleka kwa Maximilla kama kawaida. Joash alisema kila kitu kichomwe, na yeye alisikia habari ya chuma tu, kwa sababu chuma ndicho kilichokuwa kinamuuma.

Akamweleza Mama Njambi yote. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Alianza na yule mzee wa bustani na umande, akaja kwenye nyumba za Elgon View, akaja kwa Joash, akaja kwenye zile simu. Alisema hakukaa mbali kwa kumchukia, alikaa mbali kwa kuogopa kumuua Ciru mara ya pili. Alikuwa analia, na hakuwa anajificha. Mimi pia nililia, sioni sababu ya kusema uongo.

Mama Njambi alimwacha amalize. Kisha akasema neno ambalo ningependa nisingelisikia.

"Ungeniambia tu. Ningewaambia watu waje mikono mitupu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mwalimu anayeona mtoto amekosa hesabu kwenye mstari wa mwisho.

Alipigiwa simu Joash, akaja na pikipiki, akaangalia, akasema ukweli bila kuupaka sukari. Kaburini hakuna cha kuokoa, na mistari ile, ingawa ni kijani, tayari ina madoa kuanzia mwisho. Ikiachwa itakufa polepole na kupeleka ugonjwa kwa majirani. Ing'olewe yote, ichomwe hapohapo. Mama Njambi akauliza kama haiwezekani kuacha hata mche mmoja. Joash akaangalia viatu vyake. Wabuge ndiye aliyejibu kwamba haiwezekani.

Tukaletewa majembe na panga kutoka stoo. Wabuge alikuwa ameshainua jembe Mama Njambi alipomwambia angoje kidogo. Akatembea mpaka langoni. Akageuka, akanyoosha leso yake kichwani, akaja akipita katikati ya mistari, taratibu, mkono mmoja ukigusa majani ya upande huu na mwingine ya upande ule, mpaka akafika kaburini. Alipofika akamwambia Wabuge anaweza kuanza.

Tulichoma mpaka jua likashuka. Boksi mbichi haiwaki vizuri, inatoa moshi mzito wenye harufu ya mkojo wa paka, na moshi ule ulitufuata kwenye nguo mpaka Langas. Nyumba ilibaki inaonekana kutoka barabarani, wazi kabisa, na kaburi pia. Wabuge aliomba aruhusiwe kupanda kitu kingine, chochote, hata nyasi. Mama Njambi akamwambia asipande kitu.

Siku zilizofuata alipita lango kwa lango kwa wateja wake wote, akawaambia. Ilikuwa kama alivyotabiri, wengi walifunga. Alienda kwa Maximilla pia. Yule mama alikaa chini kwenye ndoo yake akaanza kutaja mashada aliyosuka tangu mvua zile, la Soy, la Turbo, la mzee fulani wa Kaptagat, la mtoto fulani, na kila alipotaja moja alimuuliza Wabuge kama huko makaburini kuna boksi. Yeye angejuaje? Shada likishatoka mkononi halirudi.

Makasi yametundikwa ukutani kwake, yameanza kushika kutu kwenye bawaba. Bado anaamka na umande. Kila Jumatano anaenda kwa Mama Njambi, kwa sababu Joash alisema ule ukungu unakaa kwenye majani yaliyoanguka, unaweza kungoja ardhini miaka. Anapiga magoti kando ya kaburi na kuokota vijani vile vikavu kwa vidole, kimoja kimoja, akivitia kwenye gunia. Mama Njambi hutoa kiti chake cha plastiki akaketi karibu, kikombe cha chai kimewekwa chini kwa ajili ya mgeni.

Juzi bombani nilimuuliza hayo majani yataisha lini. Aliacha mtungi wake ujae mpaka ukamwagika.

"Hayaishi," akasema. "Lakini amesema nije tu."